Mizani ya Kategoria: Tahakiki ya Kura za Wapenda Ramani

1. Utangulizi

Kuweka kitu kwenye ramani ni kazi yenye sehemu mbili: kusema kitu hicho kiko wapi, na kusema ni kitu gani. Sehemu ya kwanza imerahisishwa sana. Mwezi Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kupotosha kwa makusudi ishara za setilaiti za GPS zilizokuwa zikipokelewa na raia, na tangu hapo mtu wa kawaida mwenye kifaa kidogo mkononi aweza kujua mahali alipo, akikosea kwa mita chache tu. Sehemu ya pili haikurahisishwa na setilaiti yoyote. Kuamua kama jengo fulani ni hospitali, zahanati au kituo cha afya si suala la vipimo. Ni suala la lugha.

Toka mwaka huo yamezuka makundi ya watu ambao, kwa kujifurahisha na bila ya malipo, huandika mahali pa vitu na kuwashirikisha wenzao. Wako wachezaji wa geocaching, wanaoficha visanduku na kuwaachia wengine kazi ya kuvitafuta. Wako wafuasi wa Waymarking, mchezo ulioanzishwa mwaka 2005 na kampuni ileile ya Seattle inayosimamia geocaching. Hao hawafichi kitu, bali hukusanya mahali palipo na vitu vya aina moja, kama vile sanamu, madaraja au minara. Na wako wajenzi wa OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima iliyoanzishwa mwaka 2004 na Steve Coast nchini Uingereza, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuichora na kuitumia.

Makala haya hayahusiki na ufundi wa vifaa. Yanachunguza jambo moja: mwanachama anapoleta kategoria mpya, wenzake huipima kwa mizani gani, na mizani hiyo ina haki kiasi gani? Mfano mkuu utakuwa OpenStreetMap, kwa sababu ramani hiyo imekwisha kutoka katika mipaka ya mchezo. Inatumiwa na madereva, na watoa misaada, na waganga wanaofuatilia maradhi, hata hapa Kongo. Kategoria ikikosewa humo, anayeumia si mpiga kura.

2. Utaratibu wa kuamua

Katika OpenStreetMap kila kitu huelezwa kwa lebo za maneno mawili: la kwanza hutaja jamii ya kitu, la pili hutaja aina yake. Maneno hayo, kwa desturi, ni ya Kiingereza cha Uingereza. Hakuna mkuu anayeyagawa. Mchoraji ana ruhusa ya kubuni lebo yoyote aitakayo na kuitumia siku hiyohiyo. Kwa upande huo, desturi ya ramani hii yafanana na desturi ya wasemaji wa lugha: neno halingoji kibali ili litamkwe.

Hata hivyo, mtu akitaka lebo yake itambuliwe na wote, huiandikia pendekezo lenye fasili na mifano. Pendekezo hilo hujadiliwa kwa muda usiopungua majuma 2, kisha hupigiwa kura kwa majuma 2 mengine au zaidi. Mpiga kura hukubali, hukataa, au hujizuia, na anayekataa hutarajiwa kutoa sababu. Ili pendekezo lipite sharti lipate kura za kukubali zisizopungua 8, nazo ziwe angalau robo tatu ya kura za walioamua. Waliojizuia hawahesabiwi. Katika Waymarking pia wanaotaka kategoria huunda kikundi cha kuisimamia, huandika masharti yake, kisha huwaachia wanachama wenzao waipigie kura.

Mambo mawili yadhihirika hapa. Kwanza, utaratibu ni wa wazi: sababu huandikwa, na kila mtu aweza kuzisoma baada ya miaka mingi. Mabaraza mengi ya istilahi hayajafikia uwazi huo. Pili, wanaoamua ni wachache mno. Watu waliojiandikisha katika OpenStreetMap wamepita milioni 10, lakini kura 8 zaweza kutosha kuithibitisha kategoria ya dunia nzima, na vivyo hivyo kikundi kidogo chaweza kuizuia.

3. Mizani tatu

Ukisoma sababu za wapiga kura, utaziona zikirudi kwenye mizani tatu.

Ya kwanza ni kuthibitika. Je, mtu mwingine akifika mahali hapo atakiona kitu kilekile na kukiita vilevile? Kwa mizani hii hukataliwa kategoria kama "mandhari nzuri sana" au "mtaa wa hatari", kwani uzuri na hatari hutegemea macho ya mtazamaji.

Ya pili ni kutorudufu. Je, hakuna kategoria nyingine iliyokwisha kukibeba kitu hicho? Mizani hii ndiyo inayotumika mara nyingi, na ndiyo iliyo rahisi kuitumia, maana yatosha kusema: "Tayari tunayo."

Ya tatu ni uenezi. Je, kitu hicho chapatikana pengi, au ni cha kijiji kimoja tu? Wafuasi wa Waymarking huiongezea mizani ya nne, yaani mvuto: je, kuna faida ya mtu kufunga safari kukitazama? Nao wamegundua kwamba mizani hizi mbili hugombana. Migahawa ya McDonald's ilipata kategoria yake katika mchezo huo, na wako wanachama walioilalamikia kwamba haina mvuto wowote. Kwa uenezi haishindwi na kitu, kwa kuwa kampuni imeusambaza mlango uleule katika nchi nyingi. Kwa mvuto haifiki popote, kwa sababu hiyohiyo.

Si haki kuzibeza mizani hizi. Bila ya hizo, ramani ingekuwa ghala la maneno yasiyopatana: mmoja angeandika kisima, wa pili chemchemi, wa tatu bomba, wote wakikusudia kitu kimoja, na programu ya kutafuta maji isingejua iulize neno gani. Anayekataa kategoria mara nyingi anamtetea msomaji asiyemjua. Kosa halimo katika kuwa na mizani. Limo katika kudhani kwamba mizani haina mshikaji. "Tayari tunayo" ni sentensi yenye nafsi ndani yake. Nani anayo? Nani amekwisha kuitumia, na kwa haja gani?

4. Kura ya mwaka 2011

Jibu la swali hilo lilionekana mwaka 2011. Mwaka huo lilipigiwa kura pendekezo la lebo ya "childcare", yaani mahali ambapo wazazi huwaacha watoto wao watunzwe wakati wao wako kazini. Pendekezo lilikataliwa. Hoja kubwa ya waliokataa ilikuwa ya mizani ya pili: ramani ilikuwa tayari na lebo ya "kindergarten", yaani shule ya chekechea, na kwa maoni yao lebo hiyo ilitosha.

Kwa msikilizaji wa harakaharaka hoja ni nzuri. Pote pawili pana watoto wadogo, pana walezi, pana uwanja wa kuchezea. Lakini shule ya chekechea ni shule. Ina umri wa kuanzia, ina vipindi, ina likizo, nayo hufunga milango yake kabla ya mzazi kutoka kazini. Mahali pa kulelea watoto hupokea hata mtoto anyonyaye, asubuhi na mapema, na hata siku ambazo shule zimefungwa. Mzazi wa mtoto wa miezi 8 akitafuta kwenye ramani na kuonyeshwa chekechea, hajaonyeshwa kitu. Kwa mwenye kuchora majengo tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mwenye mtoto mgongoni ndiyo tofauti yote.

Mwanajiografia wa Marekani Monica Stephens aliichambua kura hiyo katika makala yake iliyotoka mwaka 2013 katika jarida la GeoJournal. Alionyesha kwamba wachoraji wa ramani za namna hii walikuwa kwa wingi wanaume, na kwamba wakati mahali pa kulelea watoto palinyimwa lebo, ramani ilikuwa na lebo mbalimbali za mahali pa starehe za usiku, hata madanguro. Hakuna aliyesema huko kwamba baa na klabu ya usiku zinarudufiana, ingawa pote pawili watu hunywa. Waliopiga kura walizijua tofauti za mahali walipokwenda wao, wakazitenga kwa makini. Mahali wasipokwenda, walipaona pamoja kama kitu kimoja.

Jambo hili lapasa kusisitizwa: wapiga kura hawakuwa na nia mbaya. Walitumia kanuni iliyo sahihi, tena kwa uaminifu. Ila kanuni ya kutorudufu hupima umbali kati ya vitu viwili, na umbali huo huonekana mfupi au mrefu kulingana na mahali mtazamaji aliposimama. Mtu aliye mbali huona vilima viwili kuwa kimoja.

Yaliyofuata yana funzo lake. Kwa kuwa ramani yaruhusu lebo yoyote, waliohitaji "childcare" waliendelea kuiandika. Lebo iliyokataliwa imetumika maelfu ya mara, na imekubalika kwa mazoea. Matumizi yamelishinda baraza, kama yalivyo katika lugha. Lakini ushindi huo ulikuwa na gharama, kwa maana programu nyingi za kusomea ramani huonyesha tu kategoria zinazojulikana rasmi. Neno lililosemwa bila ya kutambuliwa huandikwa na wengi, bali huonwa na wachache.

5. Kutoka London hadi Lubumbashi

Yaliyotokea kwa walezi wa watoto yaweza kutokea kwa mji mzima. Mwaka 2014 shirika la Médecins Sans Frontières, likipambana na kipindupindu, lilihitaji ramani ya Lubumbashi, nao mji huo ukawa miongoni mwa miji ya kwanza kuchorwa na watu wa kujitolea walioko mbali, waliofuatisha barabara na mapaa ya nyumba kutoka picha za setilaiti. Mwezi Novemba mwaka huo ulizinduliwa mradi wa Missing Maps, unaofanya kazi ya namna hiyo katika nchi nyingi. Picha yaonyesha paa. Haionyeshi jina wala kazi ya mahali. Hayo hutoka kwa wakaaji. Mkaaji naye anapotaka kuyaandika, hukuta orodha ya kategoria iliyopangwa kabla hajafika.

Mfano wa kwanza ni wa matibabu. Fasili ya lebo ya "hospital" huzingatia wagonjwa wanaolazwa. Lebo ya "clinic" ni ya mahali padogo zaidi, ambapo kwa kawaida wagonjwa hawalali. Nchini Kongo, chini ya hospitali kuu ya rufaa ya kila eneo la afya, kuna vituo vya afya vinavyoongozwa na wauguzi. Wanawake hujifungulia humo na hulala humo. Ukikipima kituo hicho kwa vitanda, ni hospitali. Ukikipima kwa madaktari, hakifiki hata kliniki. Isitoshe, Kifaransa cha Kongo chageuza mambo juu chini: jina "Cliniques Universitaires" ni la hospitali kubwa ya chuo kikuu, Lubumbashi na hata Kinshasa. Mchoraji wa mbali anayefuata sauti ya neno ataiandika hospitali kubwa kuwa ndogo, na hakuna mizani yoyote kati ya zile tatu itakayomwonya, kwa sababu kategoria zote mbili ziko tayari.

Mfano wa pili ni wa barabarani. Katika miji ya Kongo fundi wa kuziba matairi huitwa kwado. Alama yake ni tairi kuukuu lililosimamishwa kando ya njia, na mali yake ni pampu, beseni la maji na gundi. Ichukuliwe kwamba mtu amependekeza kategoria ya kwado. Mizani ya kuthibitika itauliza: jengo liko wapi? Hakuna jengo; kuna kivuli cha mwembe. Lakini fundi huyo huenda amekaa chini ya mwembe huo miaka kumi, na mtaa mzima humtumia kuwa alama ya kuelekezea wageni, ilhali duka la vigae lililo nyuma yake limebadili mwenyewe mara tatu. Mizani ya kutorudufu itajibu: tayari tunalo duka la matairi. Lakini duka la matairi huuza, kwado huziba. Mwenye baiskeli iliyopata pancha hana haja ya kununua tairi. Mizani ya uenezi itauliza: je, kitu hicho kipo kwingine? Kipo Dar es Salaam, kipo Kampala, kipo Lagos, kila mahali kwa jina lake. Kisipopatikana mitaani mwa wapiga kura, kitahesabiwa kuwa cha kienyeji, ingawa wanaokihitaji ni wengi mno. McDonald's haijafungua mlango Lubumbashi, wala hakuna aliyeiita ya kienyeji.

Mfano wa tatu ni wa faraja. Kategoria za barabara katika OpenStreetMap zilikatwa kwa kipimo cha barabara za Uingereza, ambako barabara kuu ni ya lami kila mahali. Barabara ya taifa namba 1 ya Kongo, iendayo toka Banana kupitia Kinshasa hadi Lubumbashi na mpaka wa Zambia, ina sehemu za lami na sehemu za vumbi na matope. Je, inaposhuka katika matope inaacha kuwa barabara kuu? Wachoraji wanaoshughulikia Afrika walijadiliana na kuandika mwongozo wao: cheo cha barabara kifuate umuhimu wake, yaani miji inayoiunganisha, na hali ya uso wake iandikwe kwa lebo nyingine ya pembeni. Hawakuomba huruma ya kura. Walitoa fasili iliyo bora kuliko ile ya kwanza, nayo ikafuatwa.

6. Funzo la ngeli ya ka-

Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kuyastaajabia haya, kwani historia ya lugha yake yamfundisha jambo lilelile. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyounganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kongo haikuwamo. Milango ilikatwa kwa kipimo cha waliokuwa chumbani.

Kiswahili cha Lubumbashi kina ngeli ya udogo ya ka-, na wingi wake tu-: katoto, tutoto. Sarufi sanifu haina nafasi ya ngeli hiyo. Mwalimu akiulizwa sababu, hujibu kwa mizani ya pili: udogo tayari una ki- na vi-. Ni kweli, lakini ki- imebeba mizigo mingi. Ni ngeli ya vitu (kiti), ni ya lugha (Kiswahili), ni ya namna ya kutenda, hata "mambo ya kitoto" si mambo ya mtoto mdogo, bali ni mambo ya mtu mzima asiye na akili. Ka- hutenga udogo peke yake, pamoja na upendo uliomo. Kwa asiyeitumia ni marudio; kwa anayeitumia ni maana nyingine. Na kama lebo ya walezi wa watoto, ka- haikufa kwa kukosa kibali. Yasemwa kila siku sokoni na nyumbani, ila haimo kitabuni.

Ulinganisho huu usivutwe kupita kiasi. Ngeli haipigiwi kura, na msemaji hahitaji programu ili aeleweke na jirani yake. Lakini katika hali zote mbili swali "je, si sawa na ile tuliyo nayo?" limejibiwa na watu wasiokuwa na haja ya tofauti inayoulizwa.

7. Hitimisho

Je, idadi ya kura iongezwe? Haitafaa kitu, ikiwa wataoongezeka ni walewale kwa mazoea yao. Je, kila pendekezo likubaliwe? Hapo ghala la maneno litarudi, na atakayepotea kwanza ni mtafutaji yuleyule anayetetewa.

Linalofaa zaidi ni kuigeuza mizani ya pili. Badala ya kuuliza kama kitu kipya chaweza kuingizwa katika kategoria ya zamani, na aulize mpiga kura: anayekihitaji kitu hiki, akitafuta kwa kategoria ya zamani, atakipata? Swali la kwanza ni la mpanga rafu, ambaye hufurahia rafu chache. Swali la pili ni la mtafutaji. Mama wa mtoto wa miezi 8 asingempata mlezi kwa jina la chekechea. Kwa hiyo pendekezo la mwaka 2011 lilistahili kupita. Mwenye pancha hampati kwado kwa jina la duka la matairi. Kwa upande mwingine, mtu atafutaye maji ya kunywa hapotezwi kitu ikiwa bomba la rangi ya buluu na bomba la rangi ya kijani yamewekwa pamoja. Pendekezo la kuyatenga lakataliwa bila ya dhuluma. Swali hili lakubali na kukataa, basi ni mizani ya kweli, wala si ukarimu tu.

Tena ni swali lisiloweza kujibiwa na mtu asiyemjua mtafutaji. Hapo ndipo idara za isimu za vyuo vya Kongo zina kazi. Kutunga fasili, kutenganisha maana zilizo karibu, kukusanya majina ya kitu kimoja toka mji hadi mji, kuonyesha neno la Kifaransa linapodanganya likiingia katika Kiingereza: hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya mwanaleksikografia. Mwongozo wa barabara za Afrika umeonyesha kwamba fasili iliyoandikwa vizuri husikilizwa hata na watu wasioyajua matope ya barabara namba 1. Orodha ya vituo vya afya, kwado, na mahali pa kulelea watoto, kila kimoja kikiwa na fasili yake na mtafutaji wake, yaweza kuanzwa na darasa moja katika muhula mmoja.